Mireille Anakula

Katika mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia, hakukuwa na mtu aliyetilia shaka kwamba Mama Mireille anajua kulisha watu. Resto yake ilikuwa na meza sita tu na paa la mabati, lakini waendesha pikipiki, walimu, wachuuzi wa soko na makarani wa serikali waliingia pale wakiwa wamekunja uso na kutoka wakiwa wamelegeza mkanda. Samaki aliletewa kila asubuhi kutoka Kasenyi, kando ya ziwa. Sombe, yale majani ya muhogo, aliitwanga mwenyewe, akaiunga kwa mawese na karanga. Bugali wake wa muhogo ulikuwa laini kiasi kwamba wazee wasio na meno walitembea kutoka Mudzipela kuufuata. Mteja akiacha kitu kwenye sahani, Mama Mireille alitoka jikoni na mwiko mkononi kumwuliza amekosewa nini. Jina lake la ubatizo lilikuwa Véronique, lakini tangu alipomzaa binti yake wa pekee, miaka kumi na tisa iliyopita, hakuna aliyelitumia isipokuwa padri.

Wazo la video halikuwa lake. Lilikuwa la Claire, mtoto wa dada yake, aliyekaa kwao huku akisoma chuo. Ilikuwa msimu ule ambapo barabara ya Djugu ilifungwa wiki baada ya wiki kwa sababu ya vita, malori hayakupita, na meza nne kati ya sita zilikaa tupu mchana kutwa. Claire alimketisha Mireille kwenye meza ya pembeni, akamwekea sahani iliyojaa mpaka ukingoni, akainua simu, akamwambia ale tu kama anavyokula siku zote. Mireille alikula. Alikuwa msichana wa mashavu ya mviringo na kicheko cha karibu, na alikula kwa namna aliyojifunza jikoni kwa mama yake: anamega, anafinyanga, anachovya, anafumba macho. Waliipa video ile jina la Mireille Anakula, wakaiweka Facebook, kisha TikTok, wakarudi kuosha vyombo. Kesho yake watu elfu tisa walikuwa wameitazama.

Baada ya miezi sita Mireille alikuwa na wafuasi wengi kuliko wakazi wa mtaa mzima. Walimwandikia kutoka Goma, Kisangani na Kampala. Wakongomani wa Kanada walimwandikia kwamba wamelia kwa kuona sombe. Wateja wapya waliingia resto wakionyesha simu na kusema wanataka sahani ile ile ya Mireille, na Mama Mireille akaajiri mchoraji aandike ukutani, kwa rangi nyekundu, kwamba hapa ndipo penyewe. Akanunua pia simu yenye kioo kikubwa. Kila alasiri, kazi ikipungua, alikaa kwenye kigoda karibu na jiko na kumtazama binti yake akila. Aliweza kurudisha nyuma pale palipomfurahisha na kumwona akimega tena. Mama wengi hulalamika kwamba watoto wao wakubwa wanakula mbali na macho yao. Yeye alijiona amebarikiwa.

Mama Mireille alikuja kujua baadaye sana kwamba siku moja, katikati ya maoni mia tatu yaliyojaa mioyo, mtu asiyejulikana, ambaye picha yake ilikuwa ya gari, aliandika: Dada, mashavu yanaanza kujaa. Aliandika hivyo, labda akiwa anasubiri zamu kwa kinyozi, akasahau. Mireille hakusahau. Alisoma maneno yale asubuhi, akayasoma mchana, na jioni akajitazama kwenye kioo cha kabati akiwa amevuta mashavu ndani. Kisha akaanza kutazama wasichana wengine, wa Kinshasa na Abidjan, wenye viuno ambavyo hata Mungu angehitaji kuvikata kwa mkasi. Simu ina adabu ya kumletea mtu kile anachokitazama. Ilimletea viuno asubuhi, ikamletea viuno jioni, na haikuchoka.

Video hazikupungua, ziliongezeka. Sahani nazo zilizidi kuwa kubwa, kwa sababu wafuasi walizipenda hivyo. Mireille alimega mbele ya simu, akatafuna, akafumba macho, akacheka. Kila baada ya tonge alimwomba Claire asimamishe kidogo apanguse mdomo kwa leso, na kurekodi kulipokwisha Mireille aliisukuma sahani kando na kusema samaki wamemchosha, Claire amalizie. Claire alimalizia. Alikuwa mwanafunzi, alikuwa na njaa, na hakuona ubaya. Kwa muda wa mwaka mmoja Claire alinenepa vizuri, na Mama Mireille akamsifu mbele ya wateja kwamba chuo kimemkubali.

Nyumbani Mireille alisema ameshakula resto. Huko resto alisema ameshakula nyumbani. Mama Mireille, aliyekuwa na kioo kikubwa cha simu na ushahidi wa kila siku, hakuwa na sababu ya kuuliza mara mbili. Alipoona binti anavaa sweta mbili saa sita mchana, alidhani ni mtindo. Suzanne, msusi wao wa siku zote, alipomwita pembeni kumwonyesha nywele zilizobaki kwenye kitana, nyingi kuliko zinavyopaswa kubaki, Mama Mireille alimshukuru, akanunua mafuta ya nywele ya chupa kubwa.

Mtaa lakini una macho. Mireille alipopungua kiasi cha viatu kumvuka, kila mtu alipata jibu. Mama wa nyumba ya pili alisema ni ule ugonjwa, akataja ugonjwa wenyewe kwa kupunguza sauti. Shangazi upande wa baba alisema ni mimba iliyoharibika, kisha alipoona miezi inapita akasema ni sumu, mtu ameionea wivu resto. Kikundi cha maombi cha parokia kilikuja Alhamisi tatu mfululizo kumwombea dhidi ya roho ya kukauka, na kila baada ya maombi Mama Mireille aliwapakulia, wakala, wakasifu. Mireille alipita na maji ya kunawa, akawamwagia mikononi mmoja mmoja, akakusanya sahani. Hakuna aliyemwuliza yeye kitu.

Kwenye simu mambo yalikuwa tofauti. Huko walimpongeza. Waliandika kwamba wameshangaa: dada anakula milima ya bugali na bado ni mwembamba kama fimbo, atoe siri. Alivyozidi kukonda ndivyo walivyozidi kuomba siri. Mwanamke mmoja wa Goma, ambaye hawakuwahi kukutana naye, akaanza kuuza majani ya chai yenye picha ya Mireille kwenye pakiti, na watu wakaandika kwamba yanafanya kazi.

Aliyeona ni baba. Lambert alikuwa akinunua mbao Mambasa na kurudi Bunia kila baada ya miezi miwili au mitatu, kutegemea barabara. Safari hiyo alikuwa amekaa miezi mitano. Aliingia uani mchana, akamkuta binti yake anaanika nguo, akasimama na begi begani bila kulitua. Mireille alimsalimia, akapokea begi, likamshinda, akaliburuta. Lambert alikwenda moja kwa moja jikoni.

"Mama Mireille, huyu mutoto iko mugonjwa tangu lini?"

Mama Mireille aliudhika. Alikuwa amengojea salamu. Alifuta mikono, akamwambia mtoto hana ugonjwa, ni wasichana wa siku hizi wanavyopenda kuwa, na kula anakula kuliko wote humu. Akampa simu ajionee mwenyewe. Lambert alitazama video tatu akiwa amesimama, kofia kichwani. Kazi yake ilikuwa kukagua mbao ambazo wauzaji wake walizipanga nzuri juu na mbovu chini, na alikuwa na mazoea ya kutazama kitu kwa muda mrefu kuliko mwenye nacho anavyopenda. Alirudisha nyuma, akatazama tena.

"Niko naona anatafuna," alisema. "Sioni fasi anameza."

Mama Mireille alimnyang'anya simu. Alitazama video ile ile aliyoitazama mara ishirini. Mireille alimega, alichovya, aliweka mdomoni, alitafuna, alifumba macho, kisha picha ikaruka na Mireille alikuwa anamega tonge jingine. Akatazama ya wiki iliyopita, na ya mwezi uliopita. Kila mara, kabla ya koo kusogea, picha iliruka. Alikaa kwenye kigoda. Mchuzi uliungua, na wateja waliopita mlangoni siku hiyo walishangaa, kwa sababu hilo halijawahi kutokea.

Sasa Mama Mireille alifanya lile alilolijua. Alipika. Alipika ndizi, mihogo, kuku, maharagi, uji wa soya, akamketisha binti mezani, akasimama juu yake na mikono kiunoni. Mireille aliposhindwa, mama aliongeza. Alipolia, mama aliongeza mchuzi ili chakula kishuke vizuri. Lambert alijaribu upole siku ya kwanza, siku ya pili akapiga meza, siku ya tatu akatoka nje kuvuta sigara ambazo alikuwa ameziacha miaka saba. Mireille alijifunza haraka jinsi ya kuficha, jinsi ya kuchelewa, jinsi ya kuomba aende chooni. Ndani ya wiki mbili, katika nyumba iliyojaa harufu ya kuku, alikuwa amepungua zaidi. Na kila Jumamosi alikaa kwenye meza ya pembeni kurekodi, kwa sababu mama mwenyewe alimwomba asiache. Alifikiri, maskini, kwamba angalau mbele ya simu ataonja.

Mwaliko ulifika mwezi wa nane. Shirika moja lililokuwa likisaidia watu waliokimbia vita kutoka Djugu lilitafuta kijana maarufu wa Bunia, mtu ambaye watu wakimwona wanafikiria chakula, awe sura ya kampeni yao. Hawakutafuta mbali. Barua ilisema Mireille atateuliwa kuwa Balozi wa Lishe Bora. Mama Mireille aliisoma barua kwa sauti mbele ya wateja. Lambert alisema mtoto hana nguvu ya kusimama juani. Mama Mireille alijibu kwamba labda heshima itamrudishia hamu, na usoni alikuwa na matumaini makubwa hata Lambert hakubishana.

Sherehe ilifanyika kwenye uwanja wa udongo kando ya kambi ya wakimbizi hao, pembezoni mwa mji. Akina mama mia mbili walikaa chini na watoto mapajani. Mireille alivaa sweta mbili chini ya gauni, na juu yake mshipi wa bluu ulioandikwa cheo chake. Alipewa kipaza sauti, akawaambia akina mama wale kwamba watoto wanapaswa kula mara tatu kwa siku, mboga, samaki, matunda. Akina mama wale, ambao wengi walikuwa wameacha mashamba ya viazi na maharagi kule walikotoka, walipiga makofi kwa adabu. Mama Mireille, kwenye safu ya mbele, alipiga makofi kuliko wote.

Kisha ikaja zamu ya picha. Muuguzi wa kambi, kijana mmoja mtulivu aliyeitwa Camille, alipaswa kuonyesha jinsi ya kupima lishe kwa kuzungusha utepe wa rangi kwenye mkono. Kijani ni salama, njano ni hatari, nyekundu ni hospitali. Mtoto waliyemwandaa alilia na kukataa. Mpiga picha akasema ingependeza zaidi kumpima Balozi mwenyewe, upo utepe wa wanawake wajawazito, watumie huo. Mireille alirudi nyuma hatua moja, lakini watu walikuwa wanacheka na kumsogeza mbele. Camille alimpandisha mikono ya sweta, moja, kisha ya pili, na kicheko chake kikaishia hapo. Alizungusha utepe, akaukaza taratibu.

Ilikuwa nyekundu.

Mpiga picha aliomba warudie, kwa kuwa nyekundu haikupatana na bluu ya mshipi. Wakarudia. Ilikuwa nyekundu. Msimamizi akashauri mkono wa kushoto, huenda wa kulia ni mdogo kwa wote wasioutumia kwa kazi. Camille alikunja utepe, akautia mfukoni, akamshusha Mireille mikono ya sweta kwa uangalifu, akasema picha zinatosha. Hotuba ya kufunga iliendelea.

Camille alimfuata Mama Mireille nyuma ya gari la shirika, ambako alikuwa akigawa mandazi aliyoyaleta bila kuombwa. Alimwambia kwamba binti yake anapaswa kufika hospitali leo, si kesho. Mama Mireille alimweleza, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kueleza, kwamba yeye ni Mama Mireille wa resto, kwamba mtoto anakula, kwamba video zipo. Akaanza kutafuta simu kwenye mkoba.

"Hii utepe haijui Facebook, Mama," Camille alisema.

Hospitalini daktari aliwaambia ugonjwa wenyewe una jina, anoreksia. Mama Mireille alisikia jina hilo akadhani ni la msichana mwingine. Daktari alieleza: si jeuri, si mtindo, si pepo, ni ugonjwa unaoshika akili na tumbo pamoja, na unaua. Moyo wa Mireille ulikuwa unapiga polepole kama wa mzee. Wodi ya ugonjwa huo hakuna Bunia, alisema bila kuficha. Kulikuwa na wodi ya watoto wenye utapiamlo, na kulikuwa na mwanasaikolojia aliyeletwa kwa ajili ya wahanga wa vita, anayekuja Jumanne na Ijumaa. Wangetumia walivyonavyo. Balozi wa Lishe Bora akapewa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, kati ya watoto wa miaka miwili na mitatu, na kikombe cha plastiki cha maziwa ya dawa kila baada ya saa tatu.

Kilichomwumiza zaidi Mama Mireille ni kwamba alikatazwa kupika. Siku ya pili alifika na sufuria tatu zilizofungwa kwenye kitenge, na mlangoni wakamrudisha. Daktari alimwambia mwili uliokaa na njaa ukipewa chakula kingi ghafla unaweza kufa kwa chakula hicho. Alisimama kwenye kibaraza na sufuria zake, mwanamke aliyelisha nusu ya Bunia, asijue mikono aiweke wapi. Mwishowe alizigawa kwa walinzi.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha mtoto wa Rébecca. Rébecca alitoka kijiji kimoja cha Djugu ambacho sasa kilikuwa nyasi tu, na mtoto wake alipimwa siku ile ile, na Camille yule yule. Alimtambua Mireille mara moja, kwamba ndiye dada wa mshipi wa bluu. Kazi yake kutwa ilikuwa kijiko: anachota kidogo, anasubiri, mtoto anageuza kichwa, anasubiri, mtoto anafungua mdomo, anamtilia, anasubiri tena. Mama Mireille, ambaye sahani kwake ilikuwa kitu cha kumalizwa, alimtazama akaona anapoteza muda.

Wiki ya pili wanawake wa kikundi cha maombi walikuja kutembelea. Waliomba kwa ufupi, kisha mkubwa wao akamwonyesha Mireille watoto waliolala pande zote, akamwambia aone aibu, hawa wanatafuta chakula hawakipati na yeye anacho anakikataa. Alisema kwa nia njema, akambusu, akamwachia ndizi. Mireille aliitikia kwa kichwa. Siku hiyo hakugusa kikombe, wala kesho yake asubuhi, na wakamtia mpira wa kulishia puani.

Mama Mireille alimwambia Rébecca kwamba anamwonea haya. Alisema ni vibaya, mtoto wake kulala hapa akikataa maziwa mbele ya mtu aliyepoteza kila kitu. Alitegemea Rébecca akubali, au angalau anyamaze. Rébecca alipangusa mdomo wa mtoto kwanza.

"Wangu pia alifika fasi hakutaka tena," alisema. "Njaa ikikaa sana, inanyamaza. Unafikiri mutoto ameshiba, kumbe amesahau kuomba. Usimusukume, Mama. Kaa karibu naye tu."

Kukaa karibu tu. Mama Mireille hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake. Alileta kigoda kutoka resto, akakaa, na saa ya kwanza ilikuwa ndefu kama misa ya Pasaka. Alishika vidole, akaviachia, akakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Aliposikia kikombe kinakuja alijikuta anafungua mdomo kusema kunywa, mama, kidogo tu, kwa ajili yangu, na akajiuma ulimi. Mireille alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikitazama muda mrefu. Alikunywa kidogo, akakiweka. Rébecca, upande wa pili, alikuwa anasubiri na kijiko chake, na haikujulikana anamsubiri nani.

Ilikuwa Ijumaa, mwanasaikolojia ameshaondoka, ndipo Mireille aliposema, akiwa ameelekea dirishani.

"Mama, kila siku uliniangalia ku simu. Mi nilikuwa nyuma yako, meza ya pembeni."

Mama Mireille alitafuta jibu. Alikuwa nayo mengi: kazi, wateja, barabara iliyofungwa, baba aliye Mambasa, na kwamba alimtazama kwa upendo, kwa upendo mtupu. Yote yalikuwa kweli. Aliweka mkono juu ya mguu wa binti yake, juu ya shuka, akahisi mfupa, akauacha mkono pale. Akasema ndiyo, ilikuwa hivyo. Hapo ndipo Mireille alipomweleza habari ya mtu wa picha ya gari, na viuno, na jinsi alivyoogopa kwamba akiacha kurekodi meza zitabaki tupu tena na itakuwa kosa lake. Alieleza mpaka chai ya wauguzi ilipopita.

Huko nje, Claire alikuwa amewatangazia wafuasi kwamba Mireille anaumwa, waombe. Wiki hiyo ukurasa ulipata watu wengi kuliko wakati wowote. Walituma mioyo, walituma aya, na wengine waliuliza kama zile chai za Goma bado zinapatikana. Claire alikuja hospitalini akilia, akasema ni yeye aliyekuwa anamalizia zile sahani, alidhani anasaidia. Mireille alimwomba simu, akaandika mwenyewe kwamba hajauza chai yoyote, kwamba katika video zile hakuwa anakula, na kwamba anatibiwa. Watu elfu nne waliondoka siku hiyo hiyo wakisema wamedanganywa. Ujumbe mmoja ulitoka kwa msichana wa Mahagi ambaye hakuandika mengi, aliuliza tu hospitali ni ipi. Mireille akamjibu huyo, kisha akaufunga ukurasa.

Alitoka baada ya wiki saba. Hakuwa amepona, na daktari alihakikisha hakuna anayetumia neno hilo. Atarudi kupimwa, ataendelea na Jumanne na Ijumaa, na kutakuwa na siku mbaya. Mtoto wa Rébecca alitangulia kutoka kwa siku nne, akiwa na mashavu, na Mama Mireille aliwasindikiza mpaka kambini akiwa amebeba, kwa mara ya kwanza, si zaidi ya alichoombwa.

Masharti ya nyumbani yalikuwa machache. Mara tatu kwa siku Mireille ale mezani na mtu mwingine, chakula kile kile, simu mbali. Asihesabiwe matonge, asisifiwe, asilazimishwe. Mama Mireille aliuliza mtu huyo mwingine atakuwa nani. Camille, aliyekuwa amekuja kuagana, alimtazama. Mama Mireille akasema hilo haliwezekani, saa za kula ndizo saa za wateja, na tangu afungue resto yeye hula akiwa amesimama, anaonja kwa mwiko, anameza kipande huku anageuza kingine. Alipomaliza kusema aliyasikia maneno yake mwenyewe.

Kwa hiyo sasa, saa saba mchana, wakati meza zote zimejaa, Mama Mireille wa Nyakasanza huvua aproni, huketi kwenye meza ya ndani pamoja na binti yake na hula. Wateja hawakuipenda habari hiyo. Siku ya kwanza mwendesha pikipiki mmoja aliita pilipili mara tatu, akaambiwa asubiri, akadhani amesikia vibaya. Claire alikimbia huku na huku na sahani, akikosea meza.

Mireille alimega tonge dogo, akalishika, akalirudisha, akalimega tena dogo zaidi. Mama Mireille alikuwa na sentensi kumi na nne tayari mdomoni. Alizitafuna pamoja na samaki wake. Alitazama sahani yake, akatazama ukuta, akachovya, akala tonge la pili na la tatu, polepole, kwa sababu hakukuwa na lingine la kufanya. Ndipo akasita. Akaonja tena mchuzi kwa ncha ya kidole.

"Mireille," alisema, "hii samaki iko na chumvi mingi."

"Iko na chumvi mingi tangu zamani, Mama," Mireille alijibu, na akameza.